Ngeli za Nyumba za Mapumziko Ziwani: Uchambuzi wa Awali kutoka Mwambao wa Bunda

1. Utangulizi

Wataalamu wa sarufi wamezipanga nomino za Kiswahili katika ngeli, na hadi leo wanabishana ziko ngapi. Wataalamu wa mimea nao wana koo na spishi zao. Lakini nyumba ya mapumziko ya familia kando ya Ziwa Victoria, yenye miti mitatu, mlinzi mmoja na madirisha ambayo hayajafunguliwa tangu Januari, haijapata mwanazuoni wa kuiainisha. Pengo hili ni la aibu kwa taaluma, na makala haya yamekusudia kuliziba.

Eneo la utafiti ni mwambao wa Bunda, mkoani Mara: kuanzia Guta, mashariki ya Ghuba ya Speke, kupitia Bulamba na Kibara, hadi Kisorya ambako kivuko huvusha watu kwenda Rugezi, Ukerewe. Ghuba hiyo ilipewa jina mwaka 1875 na Henry Morton Stanley, aliyefika kwa mashua, akatazama, akaipa jina la mpelelezi mwenzake, akaondoka. Kwa vigezo vyetu Stanley ndiye mwenye nyumba ya ziwani wa kwanza: alikaa siku chache, akajiona mwenyeji, na kazi yote ya kuishi hapo akawaachia Wajita, Wakerewe, Wasizaki na Wasukuma.

Mbinu ya utafiti ilikuwa kupita. Sampuli ni nyumba zote zinazoonekana na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda yenye mwendo usioruhusu kuhesabu. Mahojiano ya kina yalifanywa na walinzi, kwa kuwa ndio waliokuwepo. Mojawapo ya mahojiano hayo tunayanukuu yote, kwa faida ya vizazi vijavyo:

“Shikamoo mzee. Mwenye nyumba yupo?”

“Marahaba. Yupo.”

“Yuko wapi?”

“Dar.”

Tutaeleza pia tunachokizungumzia. Nyumba ya mapumziko ya familia ni jengo lolote ambalo, kwanza, limejengwa na mtu anayeishi kwingine, iwe Mwanza, Dodoma au Muscat. Pili, linatazama maji au linadai kuyatazama. Na tatu, hujaa watu wiki ya Krismasi na kubaki na mtu mmoja mwenye funguo pindi shule zinapofunguliwa. Jambo hili si la Bunda peke yake. Finland, yenye watu kama milioni 5.5, ina nyumba za namna hii zipatazo nusu milioni, nyingi zikiwa ndogo, za mbao, msituni kando ya ziwa. Tofauti ni kwamba Mfini huenda kwenye nyumba yake ili asionane na ndugu.

2. Ngeli tano

Ngeli ya kwanza: Pagale. Hii ndiyo yenye wingi mkubwa zaidi. Kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimechomoza juu, na sebuleni umeota mpera. Ramani yake ilichorwa mwaka wa kiinua mgongo, ndiyo maana ina vyumba sita, vyote self. Baadaye kiinua mgongo kikakutana na ada za shule, kikaumia. Wachambuzi wasio makini huliita pagale nyumba isiyokamilika, na hapo wanakosea. Pagale lina upepo kutoka pande zote nne, linaliona ziwa kupitia kila tundu, halina funguo za kupoteza, na ndilo pekee kati ya ngeli nne za kwanza linalotumika mwaka mzima: mchana mbuzi hujikinga jua, jioni watoto hucheza kombolela, na wavuvi huanika nyavu kwenye madirisha. Limetimiza malengo yote ya nyumba ya mapumziko isipokuwa paa.

Ngeli ya pili: Nyumba ya Mjini Iliyopotea Njia. Hii ilichorwa kwa ajili ya kiwanja cha Goba au Mbezi, huko Dar, ikasafiri ndani ya simu ya mwenyewe hadi ikatua Guta bila kubadilishwa hata mlango. Paa lina migongo mingi na bati za msauzi rangi ya damu ya mzee. Ndani kuna jipsamu yenye taa za rangi. Mbele zimesimama nguzo mbili nene, na kati yake kibaraza kinachotosha kiti kimoja cha plastiki, iwapo mwenye kukikalia atakunja miguu.

Kosa la ngeli hii ni la kitaalamu na linastahili aya yake. Bunda iko takribani nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Jua la huku halizungukii nyumba kwa mbali. Linapita karibu na utosi, kisha jioni linashuka na kupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Kanuni inayofundishwa kwa kila mchora ramani wa ukanda huu ni kwamba ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na ubavu mfupi, wenye madirisha machache, uachiwe mashariki na magharibi. Lakini mtu wa Guta ziwa lake liko magharibi. Kwa hiyo huweka huko kioo cha sakafuni hadi darini, na kufikia saa kumi alasiri familia nzima imehamia uwani nyuma ya nyumba, imeyapa maji kisogo, inatazama simtanki. Pazia zito huteremshwa saa tisa na kupandishwa saa moja usiku, wakati hakuna cha kuona. Dawa yake inajulikana na ni ya bei rahisi: baraza pana, mita 3 au zaidi, lenye paa lililoshuka chini, ili jua la alasiri liishie sakafuni mwa baraza na upepo wa ziwani, ambao mchana huvuma kuelekea nchi kavu, uingie bila kulipiwa. Wenye viwanja vinavyotazama kusini, upande wa Kibara, wamepewa bahati wasiyoijua: ziwa liko upande ambao jua la juu huzuiliwa kwa urahisi na paa.

Ngeli ya tatu: Nyumba ya Kikao. Hii haina mchora ramani. Ina kundi la WhatsApp. Kila aliyechanga ana haki ya chumba, na kila ambaye hajachanga ana haki ya maoni. Baba mdogo alitaka ghorofa ili apate upepo. Shangazi alitaka jiko la nje. Mjomba wa Mwanza alitaka kila kitu kiangaliwe upya. Fundi, ambaye hakuwemo kwenye kundi, alipokea simu tano siku moja na kuzitekeleza zote. Matokeo yake ni korido ndefu yenye milango pande zote mbili, na mwisho wa korido ngazi inayopanda hadi mahali ambapo ghorofa ingekuwa. Tulipomuuliza fundi ngazi ile ni ya nini, alijibu kwa utulivu wa mtu aliyelipwa nusu: “Hiyo bosi ni ya baadaye.” Katika sarufi kuna upatanisho wa kiima na kiarifu, katika ngeli hii upatanisho hufanyika kila mwisho wa mwaka, mbele ya wazee, na huanza na swali la nani alikula hela za kenchi.

Ngeli ya nne: Nyumba Inayoogelea. Hii imejengwa karibu na maji kuliko inavyoruhusiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imezuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye nyumba ya ngeli hii anaifahamu sheria. Amezipima hizo mita 60 kwa uangalifu mkubwa, kuanzia pale maji yalipokuwa mwaka 2006, ziwa lilipokuwa limepungua sana.

Ziwa nalo halijatulia. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, zilianza kulijaza, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 yalirudi kwenye kiwango kile kile na kukipita kidogo. Mita 2 kwenda juu hazimtishi mtu. Mlango wenyewe una mita 2. Ila ufuko wa Bunda una sehemu tambarare nyingi, na hapo hesabu hubadilika. Kama ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita 2 yatatembea mita 100 kuingia nchi kavu. Maana yake, mtu aliyeitii sheria hadi sentimita ya mwisho bado anaweza kuamka na kukuta kambare stoo. Mita 60 za sheria ni za kulilinda ziwa dhidi yako. Za kukulinda wewe dhidi ya ziwa hupimwa kwenda juu, na rula yake ni mzee wa mtaa anayekumbuka maji yalikoishia baada ya Uhuru.

Ngeli ya tano: Banda la Mstaafu. Hii ni ngeli ndogo, haitimizi hata ufafanuzi wetu wa mwanzo, na imedharauliwa na watafiti kwa sababu haipigwi picha. Ina vyumba viwili, mara nyingi vya mwalimu au bwana shamba mstaafu. Kuta ni za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu kwa nje. Baraza ni refu kuliko nyumba yenyewe. Jiko liko nje, mkuyu uko mbele, na mwenye nyumba yuko nyumbani. Wakazi wa ngeli nyingine hushinda hapa mchana kutwa wakati wa likizo, kisha usiku hurudi kulala kwao ili wasionekane wamezikimbia nyumba zao.

Wasomi watakaoidharau ngeli hii tunawakumbusha habari za Le Corbusier, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa karne ya 20. Mwaka 1923 na 1924 aliwajengea wazazi wake nyumba kando ya Ziwa Geneva, Uswisi. Aliichora kwanza, halafu akaenda kukitafuta kiwanja akiwa na ramani mfukoni, jambo ambalo watu wa Bunda hulifanya kila mwaka bila kuandikwa vitabuni. Tofauti ni kwamba nyumba ile ilikuwa ya mita za mraba 60 hivi tu, ya chini, yenye dirisha moja refu la mita 11 linalotazama maji. Mama yake aliishi humo hadi mwaka 1960, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haikuwa na ngazi ya baadaye.

3. Viungo vya nyumba na kazi zake halisi

Sebule. Kwenye ramani ndicho chumba kikubwa kuliko vyote. Katika uhalisia ni ghala la makochi ambayo bado yamo ndani ya nailoni. Hutumika siku mbili kwa mwaka: anapokuja mchungaji, na unapokuja ugomvi.

Jiko. Kila nyumba ya ngeli ya pili na ya tatu ina majiko mawili. La ndani lina marumaru, makabati na jiko la gesi lenye stika ya dukani. La nje lina mafiga matatu na moshi. Ugali wa muhogo wa watu ishirini hausongwi kwenye marumaru, na sato wa kukaanga hataki pazia. Mama mkubwa, ambaye hakualikwa kutoa maoni ya ramani, hupika nje kuanzia siku ya kwanza akiwa ameinamia moto juani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuliezeka jiko linalotumika. Tunapendekeza bajeti ya makabati ihamishiwe kwenye paa la mafiga, meza ya kuparia samaki na mfereji wa maji machafu.

Maji. Ni jambo la kushangaza kisayansi kwamba nyumba inayotazama kilomita za mraba zipatazo 68,800 za maji huishiwa maji ifikapo sikukuu ya pili. Simtanki jeusi limesimama juu ya mnara mwekundu kwa kutu, likisubiri pampu ambayo ilichukuliwa na shemeji. Wakati huo huo paa halina gata hata moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000, na Bunda hupata mvua misimu miwili, vuli na masika. Watoto basi hutumwa ziwani na ndoo, wakaingia hadi magotini kwenye maji yaliyotulia penye majani, ambako ndiko konokono wa kichocho wanakoishi. Ugonjwa huo umeenea sana kando ya ziwa hili, na mtoto wa mjini hupewa kama zawadi ya likizo. Gata ni rahisi kuliko nguzo moja ya mapambo.

Taa. Mwenye nyumba hufunga taa kali juu ya mlango mkuu ili jirani ajue amefika. Wanaofika ni wadudu wa ziwani, ambao hutoka majini kwa makundi yanayoonekana kwa mbali yakipanda juu kama moshi, na hukimbilia mwanga wowote watakaouona. Kufikia saa mbili usiku mlango haufunguliki na mchuzi una wageni. Taa iwekwe mbali na mlango, ielekezwe chini, na madirisha yawe na wavu mwembamba. Ukiizima, kuna malipo: usiku wa giza, wakati hakuna mwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ghubani, na maji yote huonekana kama mji uliohamia huko. Hakuna ramani hata moja katika sampuli yetu iliyochorwa kwa ajili ya kuuona mji huo. Madirisha yote ya usiku yanatazama televisheni.

4. Nadharia za miti

Kuhusu miti kuna madhehebu matatu. La kwanza ni la Wafyekaji, wanaoamini kwamba mti unaziba ziwa na kuleta nyoka. Hukata mkuyu wa miaka mingi siku ya kwanza, na siku ya pili hununua bati na mabomba ili kujenga kivuli mahali pale pale. Huyafyeka pia mafunjo na matete ili wapate “bichi”, kisha hushangaa mawimbi yanapoanza kula kiwanja chao, kwa sababu mafunjo ndiyo yaliyokuwa yameushika udongo.

Dhehebu la pili ni la Wapambaji. Hawa hupanda miashoki kwa mistari miwili kutoka getini, miti iliyonyooka ambayo kivuli chake kinatosha mtu mmoja mwembamba.

Dhehebu la tatu huanza na mti na kumalizia na nyumba. Huchora mti uliopo kwenye ramani kabla ya kuchora chumba, huweka msingi mbali na mizizi ya mkuyu, kwa kuwa mizizi hiyo haiheshimu zege, na hupanda mwarobaini upande wa magharibi mwaka mmoja kabla ya kumwaga mchanga. Fundi akifika hukuta kivuli cha kukalia wakati wa chai. Dhehebu hili lina waumini wachache na nyumba zenye ubaridi.

Mwanazuoni makini hatasahau kutaja hapa mjenzi mkuu wa mwambao huu, ndege anayeitwa fundichuma. Hujenga kiota kikubwa ajabu cha vijiti kwenye panda ya mti, chenye paa na kilichopigwa lipu ya tope kwa ndani. Kisha hujenga kingine. Kwa mwaka anaweza kujenga vitatu au zaidi, vingine asilale humo hata siku moja, na bundi na viumbe wengine hujihamishia humo. Uhusiano wa ukoo kati ya ndege huyu na wafanyakazi wetu waishio mijini bado unachunguzwa.

5. Wageni wasioalikwa, na karatasi

Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hupenda kupita njia ile ile. Njia hiyo haionyeshwi kwenye ramani ya kiwanja, ila ipo, imekanyagwa na kulala kama mfereji. Anayejenga uzio juu yake hujenga kila mwaka. Wenyeji huiona kwa kutupa jicho mara moja na hukuonyesha ukiuliza. Hawaulizwi, kwa sababu kiwanja hununuliwa siku ya mazishi, haraka haraka, kabla basi halijaondoka.

Karatasi nazo zina ngeli zake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ina mkutano mkuu wa kijiji na hatimiliki ya kimila. Karatasi ya daftari iliyosainiwa chini ya mwembe mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiwa muuzaji mwenyewe, si mojawapo ya hivyo. Na kabla ya kununua, mtu aulize pia mipango ya serikali. Kata ya Nyatwali, hapo hapo Bunda, iliamuliwa wakazi wake wahame na kulipwa fidia ili wanyama wa Serengeti wayafikie maji ya ziwa. Watu walioishi pale maisha yao yote wamelazimika kufunga mizigo. Wa likizo asidhani yeye ataulizwa mara mbili.

6. Kanuni za jumla

Kutokana na uchambuzi huu zimepatikana kanuni tatu, ambazo tunazitoa bure kwa umma.

Kanuni ya Vitanda: idadi ya wageni wa Desemba ni idadi ya vitanda, jumlisha watakaolala kwenye mikeka. Kuongeza vyumba hakupunguzi mikeka, huongeza wageni. Mwenye busara hujenga vyumba vichache na sakafu pana.

Kanuni ya Funguo: funguo za nyumba ya mapumziko huwa kwa mtu aliyesafiri.

Kanuni ya Miezi Kumi na Moja: nyumba huchakaa kwa kukaa bure kuliko kwa kukaliwa. Mchwa na kutu havina likizo, na popo huingia darini mwezi Februari. Nyumba isiyo na mtu wa kufungua dirisha asubuhi huwa imezeeka kabla mkopo wake haujaisha.

7. Hitimisho

Ngeli nne za kwanza zina kosa moja: zote zimechorwa kwa ajili ya wageni wa siku kumi, na zikamsahau anayebaki. Mlinzi hulala stoo. Au anayebaki ni bibi: hupanda ngazi tano kuingia ndani, naye ndiye atakayekuwa humo Machi, Juni na Septemba. Ngeli ya tano haina fundi bora wala fedha zaidi. Imechorwa na mtu anayeishi ndani yake.

Kwa hiyo wewe unayetarajia kujenga Guta, Bulamba au Kibara, anza na chumba cha anayebaki, kiwe chenye dirisha la ziwani na choo kisicho na ngazi. Weka paa juu ya mafiga. Funga gata. Panda miti mwaka huu, jenga mwakani. Pima mita 60 kwenda nyuma, kisha muulize mzee wa pale maji yalifika wapi baada ya Uhuru, na upande juu zaidi ya hapo. Fedha zikibaki, ongeza baraza. Zisipobaki, usianze ghorofa.